Koti Ambalo Sikulitaka

Nililitaka lile koti. Naiandika sentensi hii mwanzo kabisa nisije nikapata nafasi ya kuizunguka, maana kwa zaidi ya miaka arubaini, kila kisa hiki kikitajwa harusini au matangani, nimekuwa nikiwaambia watu kuwa mimi koti lile wala sikuwa na haja nalo. Ibra kuna joto, nikisema. Koti la sufu Ibra la kazi gani? Watu wakicheka, nami nikicheka, tukaendelea kula.

Kilichonitoa maneno ni dawa ya nondo. Juzi nilikuwa natayarisha chumba hapa nyumbani kwangu Maskati, nikatia vile vidonge vyeupe kwenye kabati jipya, nikafunga mlango, nikaufungua tena kuona kama vinanuka. Vilinuka. Nikakaa kitandani, mwanamke mzima mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, nikawa na miaka kumi na mitatu, nimekasirika.

Chumba ni cha mama mdogo. Mwezi uliopita aliteleza bafuni kwake Ibra, akavunjika nyonga, na sisi ndugu tukakubaliana kuwa hawezi tena kuishi peke yake, atahamia kwangu. Sote tulikubaliana, lakini mimi nilikubaliana zaidi. Nilinunua kitanda kabla hajatoka hospitali. Nilipaka ukuta rangi anayoipenda. Yeye mwenyewe alikuwa hajasema ndiyo wala hapana, alikuwa akisema "inshallah," na wewe rafiki yangu unajua neno hilo lina milango mingapi ya kutokea.

Sasa kaa nikueleze, tangu mwanzo, kwa nini nilikuwa na haraka hivyo.

Familia yetu ilitoka Unguja nikiwa mdogo, mdogo wa kuikumbuka meli kwa harufu tu: mafuta, ndimu na matapishi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa Ibra, mji wa ndani ya Omani, katika nyumba ya udongo iliyopakana na mashamba ya mitende, ukuta mmoja na jirani. Baba alifanya kazi Maskati, akirudi kila Jumatano jioni na nusu ya vumbi la njiani. Nyumbani tulibaki wanawake: bibi, mama, mama mdogo na mimi. Bibi aliileta Unguja yote jikoni. Mbuzi yake ya kukunia nazi ilikuwa imening'inizwa ukutani kama bunduki ya babu wa mtu, maana nazi zenyewe zilikuja kwa kubahatisha, kutoka Salala, zimezeeka njiani, naye kila akiipasua moja huinusa na kusema, "Hii nayo ni nazi? Hii ni ugonjwa." Lakini akipata nazi nzuri tukila mkate wa kumimina, na harufu yake ilipita ukutani hadi kwa jirani, na punde si punde akaja binti wa jirani na bakuli tupu, kisingizio mkononi.

Huyo ndiye. Tulikuwa darasa moja. Alikuwa mrefu kuliko mimi, sauti yake imekaa kifuani kama ya mtu mzima, na Kiarabu chake kilikuwa cha kwao, cha babu na babu wa babu. Changu kilikuwa cha kujifunza. Babu yake alikuwa wakili wa falaji, yaani mzee aliyesimamia maji ya mfereji: nani afungulie shamba lake saa gani, nani afunge, nani apatanishwe. Mtu wa kuogopwa. Alitembea na fimbo nyembamba, na alikuwa na desturi ya kunyamaza baada ya kuulizwa swali mpaka muulizaji ajione mjinga.

"Zinjibari," binti wa jirani akiniambia, mdomo umejaa mkate wa bibi yangu, "Kiarabu chako kinachechemea."

"Na wewe umekuja kula au kutibu?"

"Nimekuja kula. Kutibu huwezi kutibika."

Bibi alimpenda. Hilo nalo liandikwe.

Mama mdogo alikuwa ndugu mdogo wa mama, hajaolewa, amesomea ualimu Kairo. Alirudi kutoka huko na sanduku la bati, na ndani ya sanduku lile, chini ya vitabu, koti la sufu la buluu iliyokoza, linanuka dawa ya nondo, lenye vifungo vikubwa na mfuko wa ndani wa hariri. Kairo ina baridi, akatueleza, na bibi akalishika kwa vidole viwili na kusema mnyama huyu amechunwa vibaya. Mama mdogo na mimi tulilala chumba kimoja. Kila Ijumaa, wanaume wakiwa bado msikitini, alilifungua sanduku lipate hewa, nami niliruhusiwa kulivaa koti lile kwa muda wa yeye kukunja vitu vingine. Lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Nilitoka jasho kama mtu anayekiri makosa. Nilisimama mbele ya kioo cha mama na nilikuwa mtu mwingine, mtu aliyefika kutoka mahali.

Alifundisha maarifa ya jamii kwenye skuli yetu ya wasichana, madarasa ya kati. Katika kitabu chetu cha mwaka wa tatu palikuwa na somo fupi, kurasa mbili na picha moja ya meli, juu ya Amerika ya zamani: waliohamia kutoka Ulaya, makoloni, vita, uhuru. Mwalimu aliyetangulia alikuwa akilimaliza kwa kipindi kimoja huku anasahihisha kazi za darasa jingine. Mama mdogo alilipenda somo lile mapenzi ambayo sikuyaelewa wakati ule. Akalivuta kama unga wa chapati hadi likafunika karibu muhula mzima. Na kabla ya darasa kulisikia, nililisikia mimi. Alinisuka nywele baada ya alasiri, barazani, akijaribu somo la kesho kichwani mwangu, kwa maana zote mbili. Alinisuka misuko kumi na mitatu, mmoja kwa kila koloni, akivuta zaidi ile ya kaskazini kwa sababu, alisema, huko baridi ilikuwa kali. Amerika niliijua kwa maumivu ya ngozi. Nilijua jinsi waliofika walivyokufa wengi msimu wa kwanza wa baridi. Nilijua jinsi wenyeji wa nchi walivyowafundisha waliobaki kupanda mahindi, na kwamba kwenye kila shimo la mbegu walifukia samaki. Hapo bibi alinyanyua uso kwenye mchele anaouchagua. "Basi ndiyo dagaa wa Sur hao," akasema, na kweli: kila mwaka gari lilileta magunia ya dagaa wakavu kutoka Sur, wa kulisha ng'ombe na kufukiwa kwenye mashina ya mitende, na Ibra nzima ilinuka bahari isiyoiona.

Barazani alikuwa wangu. Lakini mlango wa skuli ulikuwa na uchawi. Tukiuvuka tu, mama mdogo alikuwa "abla" kama walimu wote, nami nilikuwa msichana wa safu ya tatu. Hakuniita zaidi ya wengine. Aliniita kidogo kuliko wengine, wasije wakasema. Nilinyoosha mkono mpaka bega likauma. Nilikuwa na majibu yote kichwani, yamesukwa, na jicho lake lilipita juu yangu likatua kwa binti wa jirani, ambaye hakujua, lakini alibuni kwa sauti nzuri.

Siku moja akauliza darasa, "Nani hapa amekuja kwa meli?"

Tulinyoosha mikono sisi wa Unguja na wa Bara, mmoja wetu akasema yeye kwa ndege, inahesabika? Inahesabika. Wenyeji wa Ibra walikaa mikono magotini, wakitutazama kama watu waliokamatwa.

"Vizuri," akasema. "Tutacheza mchezo mbele ya mama zenu. Na kila mtu atakalia kiti asichokizoea. Waliokuja kwa meli watakuwa wenye nchi. Wenye nchi watakuja kwa meli."

Nililiona wazo lake lilivyo zuri. Nililiona hata siku ile. Kisha akagawa kazi. Kiongozi wa wanaofika, mwenye hotuba ndefu, mwenye kusimama kwenye meza iliyofanywa meli, alikuwa binti wa jirani. Mimi nilikuwa mwenyeji mkubwa. Kazi yangu ni kusimama, kunyanyua mkono, na kutoa mahindi na samaki. Neno langu lilikuwa moja: "Karibuni."

Na kwa sababu anayefika anatoka kwenye baridi, kiongozi alihitaji koti.

Mama mdogo alilitoa sandukuni asubuhi ile bila kunitazama. Likapita mlango wa nyumba, likapita mlango wa skuli, likamkaa binti wa jirani mabegani kana kwamba fundi wa Kairo alimpima yeye. Halikumfika vifundoni. Lilimfika linapotakiwa kufika. Wasichana wakapiga makofi. Mimi nilishika dagaa.

Bibi aliniona nilivyorudi. Alikuwa na msemo wake: kijicho ni moshi, humliza anayekoka kabla hakijamfikia jirani. Nikamwambia macho yangu yanauma kwa sababu ya vumbi. Akasema, "Vumbi, eeh," akanipa manyoya ya jogoo aliyechinjwa Ijumaa ili nijishonee taji, maana wenyeji wale, kwa mujibu wa picha aliyotuonyesha mama mdogo, walivaa manyoya. Nililishona taji lile kwa roho yangu yote. Nilichagua manyoya ya mkia, yale yenye rangi ya shaba na kijani. Kama sina koti, nitakuwa na taji.

Halafu tukafika kwenye chai. Unaikumbuka? Wale wa makoloni walikasirishwa na ushuru wa mfalme, wakaingia kwenye meli bandarini wakamwaga shehena nzima ya chai baharini. Na kitabu hakikusema, lakini mama mdogo alisema, kuwa siku ile walijigeuza sura: walijivika kama wenyeji wa nchi.

"Kwa hiyo," akamwambia binti wa jirani, "hapa utavaa taji."

"Taji lipi, abla?"

Kulikuwa na taji moja tu. Nikalivua. Alilivaa juu ya kola ya koti langu, namaanisha koti la mama mdogo, na akawa na vyote viwili. Nilibaki pembeni, kichwa kitupu, na samaki. Nimesoma baadaye vitabu vinene juu ya walionyang'anywa nchi kisha wakanyang'anywa hata sura zao, na nikatikisa kichwa kwa busara, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikifikiria jogoo wetu.

Ua wa skuli haukuwa na bandari. Nyuma ya skuli, hata hivyo, falaji ilipita, na palikuwa na mahali inapopanuka kama beseni, chini ya ukuta, penye kivuli. Mama mdogo akachagua pale kwa mazoezi. Akawaambia wasichana kila mmoja alete kutoka nyumbani makapi ya chai iliyokwisha chemshwa, yakaushwe, gao moja tu la mkono, kwa ajili ya kumwagwa.

Hapo yalikutana mambo mawili ambayo Kairo hawafundishi. La kwanza: falaji ina heshima yake. Maji yakitoka juu huwa ya kunywa kwanza. Kisha yanapita msikitini, ya kutawadha. Kisha bafu za wanaume na za wanawake. Mwisho ndiyo mashamba. Beseni lile chini ya ukuta lilikuwa juu ya yote hayo. Kila msichana wa Ibra alilijua hilo kama anavyoijua mikono yake, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, kwa sababu mwalimu hasahihishwi. Sisi wa meli hatukujua.

La pili: hakuna mama wa Ibra angempelekea mwalimu makapi. Makapi! Watu watasema nini? Kila nyumba ikapeleka chai mpya, kavu, nyeusi, ya kupikia wageni, tena si gao bali kopo, mengine yamefungwa kwa kitambaa na iliki juu. Nyumba moja tu katika mji mzima ilipeleka makapi, nayo ilikuwa yetu, kwa sababu bibi alisema huyo mwalimu ni mtoto wangu, ananijua.

Mama mdogo aliyafungua makopo, akasita. Nilimwona akisita. Lakini wasichana walikuwa wamekwisha panda juu ya ukuta, binti wa jirani kwenye koti na taji langu, mkono umenyooka mbele, akipiga hotuba kwamba sisi hatutamlipa mfalme asiyetujua sura, na kwa ishara yake chai yote ya wageni ya Ibra ikaingia majini. Ilikuwa nzuri. Siwezi kukudanganya. Maji yalichukua rangi polepole, kama mtu anayepata habari, kisha yakageuka kahawia yote, yakateremka mbele yetu kuelekea msikitini, yakinuka iliki.

Ilikuwa karibu na alasiri.

Yaliyotokea chini tuliyapata kwa vipande, kutoka kwa kaka na baba za wasichana. Wanaume walifika kutawadha wakakuta chai. Mmoja aliionja, akasema ni chai, tena nzuri. Likazuka suala: maji yaliyobadilika rangi na harufu kwa kitu kisafi ni safi, lakini je, yanasafisha? Yanatawadhiwa? Wazee walibishana mpaka wakati ukawabana, na mwisho msikiti mzima ukatayamamu kwa mchanga, mbele ya falaji inayotiririka. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea, na nyuso zao, tuliambiwa, zilikuwa za kutisha.

Asubuhi yake wakili wa falaji alikuja skuli.

Mwalimu mkuu, mama wa Kimisri mpole aliyeogopa mambo mawili, nge na wazee wa mji, alimleta hadi mlangoni mwa darasa letu na kurudi nyuma hatua kadhaa. Sisi tulikuwa katikati ya mazoezi. Mzee alisimama na fimbo yake. Alimtazama mama mdogo, ambaye rangi ilimtoka, na sote tukajua kinachoning'inia: neno moja lake na mwalimu huyu mgeni, mwanamke asiye na mume, aliyewatoa wasichana nje ya ua na kuharibu sala ya watu, atahamishwa kutoka Ibra au ataachishwa kabisa.

"Mo hadha?" akauliza. Nini hiki?

Mama mdogo alifungua mdomo kuomba radhi. Mimi nilisimama. Ndiyo, nilisimama, wewe unayenisoma unistahi kwa hilo. Nilikuwa na kila kitu cha kumwambia: mfalme, ushuru, makapi, aibu ya mama zetu, misuko kumi na mitatu. Nilikuwa nimeshika dagaa. Yule mzee akanigeuzia macho, akanyamaza ule unyamavu wake, na Kiarabu changu chote kikaondoka kama kuku waliofunguliwa mlango. Nikasema neno pekee nililokuwa nimelizoea.

"Karibuni," nikasema.

Darasa likacheka. Nikakaa.

Ndipo binti wa jirani akashuka kwenye meza. Alikuwa na koti limefungwa vifungo vyote, jasho linamtiririka shingoni. Hakuomba radhi. Alimsimulia babu yake. Alianza na meli, akapita kwenye baridi, akanionyesha mimi kwa mkono: "Hawa ndio wenye nchi, waliwapa chakula." Akafika kwenye mfalme aliye mbali anayetaka fungu la kila kikombe. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama. Jambo la watu wa mbali kujigawia wasichokichimba alilielewa vizuri mno.

"Na chai," akasema mwisho, "ilikuwa ya nani?"

"Ya wafanyabiashara, babu."

"Walisemaje?"

Binti wa jirani akamtazama mama mdogo. "Walikasirika," akasema mama mdogo kwa sauti ndogo.

"Na waliokuwa wakinywa maji yale?"

"Ilikuwa bahari, sheikh. Hainyweki."

"Ala! Basi hao walikuwa na akili." Akanyamaza. Tukajiona wajinga, sote, kama desturi. "Ewe binti yangu, ulijua pale ni maji ya kunywa?"

"Nilijua, babu."

"Hukusema."

"Ni abla wetu. Nitamwambiaje?"

Mzee alivuta ndevu. Nadhani alikuwa amekwisha shindwa, maana yeye ndiye aliyemfundisha mtoto yule kutomkatiza mkubwa. Akasema mchezo uchezwe, lakini chai imwagwe chini ya mashamba, mwisho kabisa wa falaji, na atakuja mwenyewe kuonyesha mahali. Alipofika mlangoni akageuka. "Na msitie iliki. Imamu tangu jana hajalala vizuri, anasema dhambi ilikuwa na harufu nzuri."

Mchezo ukachezwa. Mama walikuja na mabirika na halwa ya Nizwa, bibi akakaa mbele na khanga yake bora, na wanawake wa Ibra ambao hawakuwahi kumwita kwa jina wakamsogezea mto. Nilisema neno langu. Nilitoa mahindi na samaki. Binti wa jirani aliyapokea, na kwa kuwa hotuba ilikuwa inamsubiri, akampa samaki mtu mwingine amshike.

Baadaye, kwenye ua wakati watu wanaondoka, alianza kulifungua koti, na mama mdogo akamwekea mkono kwenye kifungo. "Liache," akamwambia. "Lako. Limekujua."

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kulinusa.

Njiani mama mdogo aliniuliza, kwa Kiswahili, akiwa tena mama mdogo, "Umekasirika, mwanangu?"

"Kwa kitu gani?"

"Koti."

"Koti la sufu Ibra la kazi gani?" nikasema. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa jibu ambalo nimelilisha na kulikuza hadi likawa na mvi.

Nyumba ile imeanguka. Nilipita mwezi uliopita nikitoka hospitali. Ukuta wa jirani umebaki peke yake, umesimama kama mtu aliyesahaulika kwenye sherehe, na mahali pa jiko la bibi pameota mkunazi. Falaji ina maji haba, na kwenye beseni letu, lililokauka, palikuwa na chupa za plastiki. Bibi alizikwa akiwa bado anainung'unikia nazi. Mzee wa falaji amekufa, na nadhani ule unyamavu wake amekwenda nao, kwani siku hizi kila mtu ana jibu. Hakuna tena harufu ya dagaa, maana mitende inatiwa mbolea ya magunia isiyonuka bahari. Wasichana tuliokuja kwa meli tunasema Kiswahili na mama zetu tu, na mama zetu wanapungua.

Mimi nilikwenda ng'ambo kusoma, nikarudi na maneno mengi. Binti wa jirani alibaki, akawa mwalimu wa historia, Ibra ile ile, skuli za wasichana. Nikimtembelea mama mdogo kwa Idi namkuta yeye jikoni, anajua vikombe vilipo. Anajua dawa ipi ya asubuhi. Kiswahili chake, alichokiokota kwenye bakuli la bibi, kinachechemea, na mama mdogo anakicheka kwa mapenzi ambayo Kiarabu changu hakikuwahi kuyapata. Siku alipoanguka bafuni, aliyemsikia ni yeye. Mimi nilisikia kwa simu.

Basi unajua sasa kwa nini nilinunua kitanda mapema.

Jana adhuhuri, chumba kikiwa tayari, pazia limetundikwa, simu ikalia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Siji."

Nilikaa kwenye kile kitanda. Godoro lilikuwa bado na nailoni yake, likalia chini yangu.

"Chumba kimekwisha," nikasema. "Nimepaka rangi."

"Rangi gani?"

"Ile ya kijani."

"Nzuri. Nitakuja Idi nikilalie." Nyuma yake nilisikia kikombe kikiwekwa, na sauti ya kifuani ikimwuliza kama anataka mto. "Nakaa kwake huyu. Kanitolea chumba cha chini, hakina ngazi. Usininunie."

"Sinuni."

"Unanuna. Ulinuna toka una miaka kumi na mitatu, mie nikiona. Nilipompa huyu koti lile nilidhani utaomba. Siku moja ungeniambia nalitaka, ningemnyang'anya siku ile ile, wallahi. Hukuomba."

"Nililitaka," nikasema.



"Haya. Umechelewa kidogo," akasema. "Nondo wamekula mkono mmoja. Sasa nisikilize. Jumatano huyu anafundisha Amerika, ule mchezo, kila mwaka anaucheza. Kasema anipeleke nikae mbele. Koti lipo. Watoto wa kushuka melini wapo. Ila wasichana wa siku hizi wote wanataka koti, hakuna anayekubali kushika samaki, wanasema ananuka. Tumekaa hapa tunamfikiria nani."

"Mama mdogo. Mimi nina miaka hamsini na ushee."

"Mwenyeji wa nchi hana umri. Unakuja, huji?"

Nilitazama kabati langu jipya, tupu, linanuka dawa.

"Na taji?" nikauliza. "Nikija, taji atalivaa nani?"

Alimgeukia mtu, akasema naye kwa Kiarabu upesi, wakacheka wote wawili kule Ibra. Kisha akarudi kwenye simu.

"Kasema safari hii hakunyang'anyi," akasema. "Lakini jogoo uje naye mwenyewe."